Nyuzi 36.4: Mtungi wa Naitrasi Ndani ya Gari la Barabarani

Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya mafundi, madereva na wanafunzi wa ufundi wa magari

  

Mezani nimeweka vitu viwili. Cha kwanza ni mtungi huu wa alumini, wa rangi ya buluu. Walio mbele msirudishe viti nyuma, ni mtupu. Cha pili kimo ndani ya kitambaa hiki, nacho sitakifungua mpaka mwisho.

Mtungi huu uliletwa gerejini kwangu na kijana mmoja mwenye Toyota IST, ile ya injini ya lita 1.5. Mnazijua, mji umejaa. Aliegesha chini ya mwembe, akashuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari linasumbua nini?"

"Halisumbui, mzee. Nataka liende zaidi."

Akafungua mlango wa nyuma. Ndani ya boksi mlikuwa na mtungi, valvu mbili za umeme, nozeli, jeti za saizi mbalimbali kwenye kifuko, mipira iliyovishwa nyuzi za chuma, na swichi nyekundu yenye kifuniko. Mjomba wake alikuwa amemletea kutoka Dubai. Akasema, "Nifungie naitrasi, mzee. Lakini nifungie kwa usalama."

Nilimwambia anipe siku tatu. Neno lililonishika lilikuwa "usalama". Kijana yule hakuwa mpumbavu, maana mpumbavu angesema "nifungie" akanyamaza. Alitaka kasi na alitaka kuishi, akaamini iko spana inayoweza kumpa vyote viwili. Jioni hii nataka tulipime ombi lake kwa haki. Na ili msikae mkinisubiri, msimamo wangu ni huu: mtungi unaweza kulindwa, injini inaweza kulindwa, lakini barabara haifungwi kwa spana. Tena hapa kwetu hata mtungi una adui ambaye maelekezo ya boksini hayakumpa uzito wake.

Gesi isiyowaka

Tuanze kwa kufuta uongo. Waliotazama filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001 waliondoka wakiamini kwamba naitrasi ni petroli kali inayotoa moto wa buluu. Naitrasi oksaidi haiwaki. Ukisogeza njiti ya kiberiti iliyowashwa, njiti itang'aa zaidi, lakini gesi yenyewe haitashika moto.

Mtaalamu wa Kiingereza Joseph Priestley aliipata mwaka 1772. Mwaka 1799, katika mji wa Bristol, kijana Humphry Davy aliivuta mwenyewe, akachangamka, akawaalika na rafiki zake. Ndiyo maana ikaitwa gesi ya kuchekesha. Mwaka 1844 Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford huko Marekani, alikubali kung'olewa jino akiwa ameivuta, na baadaye ikaingia hospitalini. Kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini ilikuwa mali ya maabara na waganga.

Walioipeleka kwenye injini kwa nguvu ni Wajerumani, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ndege ya vita ikipanda juu sana hewa hupungua, na injini hutweta kama mtu anayekaribia kilele cha Kilimanjaro. Wakabeba naitrasi kwenye matangi, wakauita mfumo huo GM-1, na rubani akiwa huko juu aliifungulia injini ikapata pumzi. Ishikeni picha hiyo: dawa ya upungufu wa hewa, inatumiwa kilomita kadhaa juu ya ardhi, mahali ambapo hakuna mtoto anayevuka kwenda shule.

Baada ya vita ikashuka kwenye viwanja vya mashindano ya Marekani, na kwa kuwa haionekani kwa macho ikawa silaha ya wajanja. Mwaka 1976, katika kutafuta nafasi za kuanzia mbio za Daytona 500, A. J. Foyt na Darrell Waltrip, madereva wenye majina makubwa, walifutiwa muda wao kwa sababu ya naitrasi. Miaka miwili baadaye ikaanzishwa kampuni ya NOS huko California, ikaiuza ndani ya boksi, jeti na maelekezo humo humo. Ndipo gesi ya rubani ikawa bidhaa ya mtu wa kawaida.

Kazi yake ni ipi? Mliokulia karibu na mhunzi mnaujua mvukuto. Mvukuto hauna moto hata chembe. Moto uko kwenye mkaa; mvukuto unaleta pumzi, na chuma kinaiva. Naitrasi ni mvukuto. Katika hewa tunayovuta, oksijeni ni kama asilimia 23 kwa uzito. Katika naitrasi ni asilimia 36.4. Ikifika ndani ya silinda, joto huivunja na oksijeni hiyo hutoka, na kule kuvunjika kwenyewe huongeza joto lake. Juu ya hayo, kioevu chake huchemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, kwa hiyo kinapotoka kwenye nozeli hupoza hewa inayoingia, na hewa baridi ni nzito. Injini imepewa pumzi mara mbili.

Andikeni hiyo namba pembeni: 36.4. Tutakutana nayo tena kwa sura nyingine.

Mtungi na jua letu

Fundi wa matairi akikujazia upepo anasoma PSI 30 hivi, yaani bar 2. Mtungi wa gesi ya kupikia nyumbani, kwa joto la chumba, haufiki bar 10. Mtungi huu wa buluu, ukiwa na naitrasi, kwenye nyuzi sifuri una bar 31. Kwenye nyuzi 20 una bar 50. Kwenye nyuzi 30 una bar 63. Mnaona wenyewe kwamba presha hii haipandi kwa sababu umejaza zaidi. Inapanda kwa sababu jua limepanda.

Na sasa namba yetu inarudi. Nyuzi 36.4 za Selsiasi ndiyo mpaka wa kioevu cha naitrasi. Chini ya hapo, ndani ya mtungi kuna kioevu chini na gesi juu, kama maji na mvuke ndani ya sufuria iliyofunikwa. Ukivuka hapo, kioevu hakipo tena, kimebaki kitu kimoja kizito kinachosukuma pande zote. Namba ni ile ile ya oksijeni, imetokea tu kufanana. Lakini kwa mtu wa pwani ni rahisi kuikumbuka, kwa sababu ni joto la mwili wa mtu asiye na homa. Mtungi ukipata homa, umekwisha kuvuka.

Tena hatari huanza kabla ya mpaka. Lita moja ya kioevu hiki kwenye nyuzi sifuri ina uzito wa gramu 900 na kitu. Kwenye nyuzi 30 lita hiyo hiyo ina gramu 690 hivi. Maana yake kioevu kinavimba kwa haraka ambayo maji hayaijui. Mtungi wa kilo 4.5, ambao Wamarekani wanauita wa paundi 10, una nafasi ya lita 6.7 hivi. Gawanyeni: ni gramu 670 na kitu kwa kila lita. Basi ukiwa umejazwa sawasawa kabisa, mtungi unapovuka kidogo tu nyuzi 30 kioevu kimejaa mpaka shingoni. Nafasi ya kuvimbia imekwisha, na kuanzia hapo kila nyuzi moja ya joto inapandisha presha kwa pupa.

Nyuzi 30, jamani. Huo ni mchana wa kawaida Kariakoo mwezi Februari, kivulini. Ndani ya gari lililofungwa vioo na kuachwa juani, joto linapita 50. Wamarekani wanaoshindana kwenye baridi hununua blanketi la umeme la kupashia mtungi, lenye kifaa cha kukata umeme joto likifika, kwa sababu wanataka presha ya PSI 1,000 hivi na majira yao hayawapi. Sisi jua linatupashia bure, tena halina kifaa cha kujizima.

Watengenezaji hawakulala. Kwenye valvu hii, hapa pembeni, kuna kisahani chembamba cha chuma kilichopimwa kupasuka kwenye PSI 3,000 hivi, ili mtungi wenyewe usipasuke. Ni kifaa kizuri, lakini ulizeni kikipasuka gesi yote inakwenda wapi. Kwenye gari la mbio lililofungwa ipasavyo, kuna bomba linaloitoa nje. Kwenye IST, ambayo nyuma haina buti lililotengwa kwa ukuta, inaingia walipo watoto. Gesi hii ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, kwa hiyo inajaa kuanzia sakafuni ikipanda, ikiisukuma hewa itoke. Dereva hasikii maumivu. Anasikia wepesi wa kichwa, kisha usingizi. Ile ya magari huchanganywa na salfa dioksaidi kidogo, sehemu 100 katika milioni, makusudi ili watu wasiivute kwa starehe. Ukisikia harufu ya njiti iliyoungua ndani ya gari, fungua milango kwanza, maswali baadaye.

Kwa hiyo ukiuona mtungi wowote wa namna hii kwenye gari, uangalie hivi. Bomba la kutolea gesi nje lipo? Mabano yake yamefungwa kwa bolti zilizopita sakafuni na kushikwa na bamba upande wa chini, au umefungwa kwa mpira wa baiskeli? Kilo zaidi ya 10 za chuma na gesi zikiruka wakati wa ajali zinakuwa nyundo. Kisha tazama begani mwa mtungi kama ninavyofanya sasa. Kuna tarehe imegongwa kwenye alumini. Kwa kanuni za Marekani, mitungi ya aina hii hupimwa upya kwa presha ya maji kila miaka 5. Tarehe ya huu ilikuwa imepitwa siku nyingi kabla haujapanda meli. Matairi ya mtumba tumeyazoea. Mtungi wa mtumba usituzoeshe.

Kujaza nako kuna adabu yake. Mtungi hujazwa juu ya mizani, kwa uzito, si kwa kusoma presha, kwa sababu presha inakuambia joto la mtungi, haikuambii kiasi kilichomo. Petroli mteja anasema "jaza full tenki" na hakuna dhara. Naitrasi ukiijaza full umetengeneza bomu linalosubiri saa sita mchana. Anayekuambia "niongezee kidogo, mzee, ni kakangu huyu", mkatalie.

Grisi na mafuta yasiguse njia ya gesi hii kabisa, na mtungi usipashwe kwa moto wa tochi. Watu huuliza: si umesema haiwaki? Haiwaki, ila inaweza kuvunjika yenyewe kwa kishindo, bila mafuta, ikipata joto la kutosha. Tarehe 26 Julai 2007, katika jangwa la Mojave huko California, wataalamu wa kampuni ya Scaled Composites walikuwa wanajaribu tu kuipitisha naitrasi kwenye mfumo wa roketi, bila kuwasha chochote. Ililipuka, watu 3 wakafa. Tarehe 28 Agosti 2016, kiwanda cha naitrasi cha Cantonment, Florida, kililipuka na kumuua mfanyakazi. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walisema chanzo kinachoelekea zaidi ni pampu iliyoipasha gesi kupita kiasi. Hayo hayakuwa magari, na mtungi wetu ni mdogo. Nimewataja kwa sababu hao walikuwa na mainjinia.

Injini inayodai haki yake

Sasa tuingie ndani ya injini. Petroli na hewa huungua sawasawa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Naitrasi inataka kilo 9.6 tu kwa kilo 1. Geuzeni maneno: kila kilo ya naitrasi unayopuliza inadai zaidi ya gramu 100 za petroli, hapo hapo, bila mkopo. Ikizipata, pistoni inasukumwa kwa nguvu. Isipozipata, mvukuto unapuliza mahali palipopungua mkaa, na kitakachoungua ni jiko lenyewe.

Pistoni ni ya alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Moto ndani ya silinda unapita nyuzi 2,000. Haiyeyuki kila siku kwa sababu juu ya uso wake kuna utando mwembamba wa gesi iliyopoa unaoikinga, na joto linakimbilia kwenye ringi, ukutani na kwenye maji ya rejeta. Injini ikianza kugonga, mawimbi ya mlipuko yanaufagia utando huo. Kwa injini ya kawaida kugonga ni kelele ya kurekebishwa kesho. Kwa naitrasi ni sekunde chache.

Injini ya IST ya lita 1.5 ilikuwa na nguvu za farasi 109 ilipotoka kiwandani, miaka mingi iliyopita. Jeti ndogo zinazopatikana ndani ya boksi kama lile huongeza farasi 50. Hiyo ni karibu nusu ya nguvu yake yote, inakuja ghafla. Petroli ya farasi hao 50 itatoka wapi? Kwa pampu ile ile, iliyosukuma mafuta tangu gari liko Japani, kupitia chujio lile lile. Na petroli yenyewe ni ipi? Neno kuchakachua sisi wenyewe tulilieneza. Mpaka mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwakamata wanaochanganya mafuta ya taa. Petroli yenye mafuta ya taa hugonga mapema hata bila naitrasi. Kuipuliza naitrasi juu yake ni kumpiga mwenye homa.

Fundi mwaminifu akiamua kufunga, kazi yake ni kuweka walinzi, kila mmoja na zamu yake. Wa kwanza ni pampu yenye uwezo na swichi ya presha ya mafuta: petroli ikishuka, gesi inakatwa. Wa pili ni taimingi: kwa kuwa moto unakimbia haraka zaidi, cheche hurudishwa nyuma kama nyuzi 2 kwa kila farasi 50 walioongezwa. Wa tatu ni plagi za baridi zaidi, zilizobanwa pengo. Wa nne ni swichi ya kiongeza mwendo, inayoruhusu gesi pale tu mguu umekanyaga mpaka mwisho. Wa tano ni kifaa cha mizunguko, kinachofungua kuanzia mizunguko 3,000 hivi na kukata kabla injini haijafika pale kompyuta ya gari inapozima petroli. Maana petroli ikizimwa na gesi ikaendelea, umeshajua kinachofuata.

Huyo wa tano ana kazi nyingine. Gesi na petroli vikipulizwa injini ikiwa inazunguka polepole, vinatuama ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa. Cheche moja ikirudi nyuma, manifoldi inalipuka. Na manifoldi za magari mengi ya leo ni za plastiki.

Liko na dogo ambalo mafundi wenzangu mtanielewa. Ile tepu nyeupe ya fundi bomba, usiizungushe hovyo kwenye maungio ya mfumo huu. Kipande chake kikikatika kikaingia kwenye valvu ya umeme, valvu haitafunga tena. Dereva ataachia swichi na gesi itaendelea kuja. Nimemwona mtu akitafuta kosa kwenye waya kutwa nzima, kumbe ni uzi wa tepu usiofika urefu wa ukucha.

Barabara

Mpaka hapa mwaweza kusema: basi, mzee, si umeshatupa dawa? Tununue pampu, tuweke walinzi watano, tutoe bomba nje, tuegeshe kivulini. Tukifanya hayo yote, si salama?

Mtazameni tena mlinzi wa nne na wa tano. Wanasema gesi isifunguliwe mpaka mguu uwe umekanyaga mafuta mpaka mwisho na injini iwe juu ya mizunguko 3,000. Hiyo ndiyo kanuni ya usalama wa injini, na ni kanuni sahihi. Sasa niambieni, ni barabara gani hapa mjini ambapo unaweza kukanyaga mpaka mwisho, kwa sekunde 8 au 10 mfululizo, na ukabaki mtu mwenye haki mbele ya sheria na mbele ya jirani yako? Kwenye makazi ya watu kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Ukianza na 50, ukakanyaga na farasi 50 wa ziada, muda si mrefu uko 100. Hapo kila sekunde unakula mita 28. Na nguvu ya mgongano haikuongezeka mara mbili, imeongezeka mara nne, kwa sababu inafuata mraba wa kasi.

Hapa ndipo ombi la kijana wangu linapovunjika katikati. Mfumo wa naitrasi uliofungwa ovyo unaweza kufunguka popote, ukaua injini au dereva. Mfumo uliofungwa kwa usalama hufunguka tu katika hali ambayo barabara inaikataza. Kadiri fundi anavyoufunga vizuri, ndivyo unavyozidi kukosa mahali pa kutumika mjini. Nafasi yake ni kiwanja kilichofungwa, chenye uzio, gari la wagonjwa, na mtu aliyekwisha kusema ndiyo kabla ya kupanda.

Na gari lenyewe halikubadilika. Breki ni zile za farasi 109. Matairi ni yale ya mtumba. Turbo angalau inakuja ikijitangaza, unaisikia; naitrasi inafika kwa mpigo mmoja. Gari linalovutwa kwa magurudumu ya mbele usukani unakutoka mkononi, na mbele yako kuna bodaboda aliyekata kona bila kuangalia, au tuta lisilopakwa rangi. Huyo bodaboda hakununua mtungi. Hakusoma maelekezo.

Nchi nyingine zimelitazama jambo hili kwa njia tofauti. Jimbo la New South Wales huko Australia, katika kanuni zake za kubadilisha magari madogo, lilikataza kabisa kuufunga mfumo huu. Uingereza hawakukataza, lakini mwenye gari anatakiwa kuiarifu kampuni yake ya bima. Hilo la bima litufikirishe na sisi. Bima husimama juu ya ukweli kati ya mwenye mali na mwenye kampuni. Ukificha kwamba gari limeongezwa nusu ya nguvu yake, siku ya ajali unaweza kubaki peke yako na deni la mguu wa mtu.

Nimalizie hoja hii kwa hesabu ya soko. Mtungi wa kilo 4.5, kwa nyongeza ya farasi 50, unakwisha kwa dakika 3 hivi za kupuliza. Dakika 3. Kwa ajili ya dakika hizo unabeba bar 60 na zaidi nyuma ya kiti cha watoto, usiku na mchana, kwenye foleni, kwenye jua la kanisani na la msikitini.

Kitambaa

Yule kijana alirudi siku ya tatu kama tulivyopatana. Nikampa karatasi: pampu, plagi, kifaa cha taimingi, swichi za ulinzi, bomba la nje, kupima mtungi upya, kukagua mgandamizo wa injini kabla ya yote, na chini kabisa nikaandika kwamba mtungi utafungwa valvu yake, na kufunguliwa kiwanjani tu. Alisoma mara mbili. Akaniambia, kwa adabu, "Mzee, hii si inazidi bei ya injini nyingine?" Nikamwambia inazidi. Akasema atafikiria. Nikajua anakwenda kwa mwingine, na sikumlaumu, maana hata mimi nilikuwa kijana.

Baada ya wiki tatu gari lilikuja likivutwa kwa kamba. Nilifungua plagi zote nne. Tatu zilikuwa na rangi ya kawaida. Ya nne ndiyo hii.

Naifungua sasa kitambaani. Ameniruhusu kuionyesha, na mtungi aliniachia mwenyewe; alisema, "Kaa nao, mzee, mjomba nitamwambia mimi." Alikuwa peke yake, usiku, kwenye barabara iliyonyooka, na injini ilikufa kabla ya kona. Hayo yote hakuna aliyeyafunga kwa spana.

Shikeni kwenye chuma, msiguse kauri. Nimeleta na kioo cha kukuzia. Kwenye kauri nyeupe mtaona vitone vidogo vinavyong'aa, kama chumvi, lakini vya rangi ya fedha. Si uchafu, wala si risasi ya petroli. Hiyo ni pistoni, ilianza kuondoka kidogo kidogo, ikatua hapo.

Ipitisheni taratibu mpaka nyuma kabisa. Wakati inazunguka, napokea maswali, nikianza na mafundi.